Aliyechukua Korosho Achukue na Deni

Mkulima wa Newala haruhusiwi kuuza korosho zake anapotaka. Haruhusiwi kumuuzia jirani mwenye duka, wala mfanyabiashara aliyekuja kijijini na lori na fedha taslimu. Utaratibu unamtaka azipeleke kwenye ghala la chama chake cha msingi, AMCOS, zipimwe, zipangwe daraja, apewe stakabadhi, kisha asubiri mnada. Akikamatwa anauza pembeni anaitwa mhalifu na mzigo wake unaweza kutaifishwa.

Tunaunga mkono utaratibu huo, na tunalisema mapema ili asiwepo wa kutusoma vibaya. Lakini dola iliyomfungia mkulima milango yote ikamwachia mmoja imejitwisha wajibu ambao haijaubeba ipasavyo. Anayepitisha mzigo kwenye mlango huo lazima alipwe kwa siku inayojulikana. Siku hiyo ikipita, gharama ya kuchelewa imwangukie aliyechelewesha, si aliyelima. Kinyume cha hapo, stakabadhi ghalani inakuwa njia ya kumkopa maskini bila ridhaa yake, na safu hii haitaiita jina lingine.

Wanaodai soko huria lirudi kama lilivyokuwa ama wamesahau ama hawakuwepo. Biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa watu binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wachuuzi waliingia vijijini Mtwara na Lindi na kangomba, kile kipimo cha kienyeji kisichojua mizani ya Serikali, ambacho biashara yenyewe imechukua jina lake. Walikuja wakati wanaoujua wao: miezi ya njaa, mahindi yamekwisha ndani, mtoto anadaiwa ada, mikorosho haijatoa hata tunda. Mkulima alipokea debe la unga au fedha ya dawa, na msimu ulipofika alikabidhi magunia kwa bei iliyopangwa na shida yake. Hakukuhitajika njama yoyote. Upande mmoja walikuwepo wakulima kwa maelfu ya maelfu, kila mmoja na magunia yake matatu au manne. Upande wa pili walikuwepo wasafirishaji wachache wenye maghala bandarini. Mwenye magunia matatu hana sauti mbele ya mwenye kukodi meli.

Ndiyo maana Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 ilikuwa sheria njema, na ndiyo maana ilipoanza kutumika kwenye korosho katika msimu wa 2007/08, kuanzia Mtwara, ilibadilisha kitu cha msingi. Magunia matatu ya huyu na manne ya yule yalikutana ghalani yakawa mamia ya tani. Mnunuzi aliyezoea kumfuata mkulima mmoja mmoja jikoni kwake akalazimika kuandika bei yake kwenye karatasi, akaitumbukiza kwenye sanduku la zabuni, ikafunguliwa na kusomwa kwa sauti mbele ya wakulima wenyewe, uwanjani, wakiwa na haki ya kusema tumekubali au tumekataa. Mwaka 2024 mnada ulihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na bei za ufunguzi katika eneo la TANECU, yaani Tandahimba na Newala, zikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Anayesema utaratibu huu haumsaidii mkulima alete kangomba iliyowahi kulipa hivyo.

Kusini ina nguvu nyingine ambayo haikutungwa na waziri yeyote. Korosho za Tanzania huvunwa kati ya Oktoba na Januari. Wakati huo India imekwisha kuvuna zake, Kodivaa na majirani zake wa Afrika Magharibi wamekwisha kuuza, na hawatakuwa na mzigo mpya mpaka Februari au zaidi. Viwanda vya Kollam kule Kerala na vya Binh Phuoc nchini Vietnam vinahitaji malighafi ya kujaza pengo hilo. Kwa miezi mitatu au minne, mwenye korosho Masasi anaweza kushikilia mzigo na mnunuzi akaja juu. Ukidhibiti ugavi ndani ya dirisha hilo, unapata bei. Dirisha likifungwa, unachodhibiti ni ghala lililojaa tu.

Hapo ndipo hukumu yetu juu ya mwaka 2018 inapoanzia.

Msimu wa 2017/18 ulikuwa mnono. Tanzania ilivuna zaidi ya tani 310,000, na katika baadhi ya minada kilo moja ilipita shilingi 4,000. Oktoba 2018 ilipofika, soko la dunia lilikuwa limeshuka. Zabuni zilizosomwa Newala na Tandahimba zilikuwa chini ya shilingi 3,000, na wakulima wakazikataa. Walikuwa na haki hiyo, ndiyo maana ya mnada. Serikali ikaingia kati, ikataka bei isishuke chini ya 3,000. Wanunuzi wakajivuta. Tarehe 10 Novemba Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa Waziri wa Kilimo, Charles Tizeba, na Waziri wa Viwanda na Biashara, Charles Mwijage. Siku mbili baadaye alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi litazisomba. Bodi ya Korosho ikavunjwa. Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, ikaambiwa itoe fedha. Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko, CPB, ikawa mnunuzi. Malori ya jeshi yakashika njia ya kusini, na watu wengi walishangilia, kwa sababu kwa mara ya kwanza mkubwa wa nchi alionekana kusimama hadharani upande wa mwenye jembe.

Hatulaumu shilingi 3,300. Ilikuwa bei ya heshima. Wala hatusemi kwamba nia ilikuwa mbaya. Tunachohukumu ni kwamba Serikali ilichukua nafasi ya mnunuzi bila kuwa na alichonacho mnunuzi: mteja wa mbele na fedha za kutosha za kulipa papo hapo. Mfanyabiashara anayenunua tani elfu kumi Mtwara tayari anajua zinashuka bandari gani na nani anazipokea. Nchi iliingia kwenye zaidi ya tani laki mbili kabla ya kupata jibu la swali hilo. Januari 2019 ukatiwa saini mkataba na kampuni ya Kenya, Indo Power Solutions, ya kununua tani 100,000. Fedha hazikuja, na mkataba ukafutwa. Wakati hayo yakiendelea, Februari ilikuwa imefika, mikorosho ya Afrika Magharibi imeanza kudondosha, na wenye viwanda waliokuwa wakihitaji mzigo wetu mwezi Novemba hawakuuhitaji tena kwa bei ileile. Korosho ikikaa ghalani inapungua uzito na inapungua ubora. Tulishikilia mzigo mpaka silaha yetu kubwa, yaani kalenda, ikageuka kuwa ya mwenzetu.

Na mkulima? Alikuwa amekwisha kukabidhi. Hilo ndilo jambo ambalo halikupewa uzito unaostahili katika kelele zote za mwaka ule. Mnada ukikwama kabla ya mauzo, mkulima bado anaweza kusema korosho ni zangu. Baada ya Serikali kutangaza kuwa imenunua, mzigo haukuwa wake tena na fedha hazikuwa zake bado. Walikuwepo waliolipwa mapema, na walikuwepo waliosubiri miezi mingi, huku watoto wakitakiwa kuripoti kidato cha kwanza Januari, vibarua waliookota korosho wakigonga mlango, na msimu wa kupulizia dawa ukikaribia. Hakuna aliyewalipa hata senti kwa kusubiri huko. Kama benki ingeikopesha Serikali fedha hizo kwa miezi hiyo, ingetoza riba. Mkulima wa Nanyamba aliikopesha bure.

Ukaja uhakiki. Waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 waliambiwa lazima shamba lao litembelewe kwanza, ionekane kama kweli wana mikorosho ya kutoa mzigo huo au ni wafanyabiashara wa kangomba waliojificha kwenye majina ya wakulima. Kuwasaka walanguzi ni halali. Lakini tazama ulivyokwenda: mtuhumiwa alikuwa kila mkulima aliyelima vizuri. Aliyepanda miche mipya, akapulizia kwa wakati, akapalilia, akavuna magunia ishirini, ndiye aliyewekwa foleni ya mwisho kwa sababu mavuno yake yalitia shaka. Adhabu ilitangulia ushahidi.

Tuseme wazi kuhusu kangomba, kwa kuwa viongozi wa mikoa husema jambo hilo kwa ukali kila msimu na hulisema nusu. Kosa kubwa ni la mwenye fedha anayeingia kijijini mwezi Machi. Anayeuza maua ya mkorosho wake kwa bei ya kutupa hafanyi hivyo kwa kupenda uhalifu. Ana mgonjwa hospitali, au ada, au hana mbegu za mahindi, na hakuna mahali pengine ndani ya kata yake ambapo mtu atampa laki mbili leo. Ukimkamata huyo, ukataifisha magunia yake, umemwadhibu kwa ufukara wake, na mwaka ujao atauza tena kwa siri zaidi na kwa bei ndogo zaidi. Kangomba inakufa pale tu anapopatikana mkopeshaji mwingine mwenye masharti ya kibinadamu.

Na sheria ilishamweka. Stakabadhi haikubuniwa iwe kipande cha foleni ya mnada. Katika sheria ya 2005 na popote duniani utaratibu huu unapofanya kazi, stakabadhi ni mali: anayeishika anaweza kuipeleka benki, akakopa sehemu ya thamani ya mzigo uliomo ghalani, akatatua shida zake, akasubiri bei. Huo ndio uhuru ambao mkulima mdogo hajawahi kuwa nao. Kwenye korosho tumechukua ghala na mnada, tukaacha uhuru huo nyuma. Mkulima hachagui auze lini, na karatasi aliyo nayo haimpatii mkopo kirahisi katika tawi la benki wilayani.

Miaka ya mwanzo palikuwa na kitu kinachofanana na hilo. Vyama vilikopa benki kwa dhamana ya mzigo, vikamlipa mkulima malipo ya kwanza, na baada ya mauzo ikatarajiwa awamu ya pili. Bei ya dunia ilipoanguka, mikopo ikavishinda, na malipo ya pili yakawa hadithi. Aprili 2013 Liwale ilichafuka. Nyumba za viongozi wa ushirika na wa siasa zilichomwa moto. Moto ule hatuuhalalishi, na waliopoteza nyumba zao waliumizwa bila hukumu. Lakini somo lililochukuliwa lilikuwa finyu: malipo ya awamu yakaachwa, na pamoja nayo likaachwa wazo lote la mkulima kupata fedha kabla ya mnada. Kilichoshindwa Liwale kilikuwa ni vyama kukopa kwa kiwango cha juu mno cha bei ya matarajio, na wanachama wasioonyeshwa hesabu. Kukopa sehemu ya wastani ya thamani, kwa jina la mkulima mwenyewe, kwa uamuzi wake mwenyewe, ni jambo jingine kabisa.

Tunakuja kwenye tozo, ambako hasira yetu ni kubwa zaidi kwa sababu hapo hapakuwa na hali ya hewa wala soko la dunia la kusingizia. Korosho ghafi inayosafirishwa nje hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake bandarini, au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwa maandishi analipa msafirishaji. Kwa kweli msafirishaji anaupunguza kwenye zabuni yake kabla hajaiwasilisha, kwa hiyo unatoka kwenye gunia la mkulima. Sheria ya Tasnia ya Korosho ililijua hilo, ikaagiza asilimia 65 ya makusanyo irudi kuendeleza zao, na asilimia 35 iende Hazina. Ni kwa fedha hizo palipatikana salfa, miche, na utafiti wa Naliendele, taasisi ambayo bila kazi yake ya miaka mingi dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga leo tusingekuwa tunazungumzia korosho.

Juni 2018 Bunge lilibadilisha sheria hiyo na fedha zote zikapelekwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu zote, wa chama tawala na wa upinzani kwa pamoja, na walishindwa. Salfa isiyopuliziwa mwezi Mei au Juni haina mbadala mwezi Septemba. Ubwiri unga ukishakaa kwenye maua, ua halitoi tunda. Msimu wa 2018/19 mavuno yalishuka hadi takriban tani 225,000, na kwa misimu kadhaa iliyofuata hayakurudi kwenye kiwango cha kabla ya kushuka. Hatudai kwamba tozo peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Mvua nazo zilikuwa na yao, na malipo yaliyokwama yaliacha watu bila fedha ya kuhudumia mashamba. Lakini kuchukua fedha za dawa kutoka kwa mgonjwa anayezichangia mwenyewe hakuwezi kutetewa kwa hesabu yoyote ya bajeti.

Serikali ya Awamu ya Sita imerudisha pembejeo za ruzuku, na mikorosho imejibu: msimu wa 2024/25 nchi ilivuna zaidi ya tani 500,000, kiwango ambacho haikuwa imewahi kukifikia. Tunaipongeza bila kigugumizi. Tunaiambia pia kwamba kilichorudishwa kwa hisani ya kiongozi mmoja kinaweza kuondolewa na hisani ya mwingine. Fungu la tozo linalorudi shambani lilindwe ndani ya sheria, kwa asilimia, na liwekwe mahali ambapo Waziri wa Fedha hawezi kulichota katika mwaka mgumu bila kurudi Bungeni na kuwatazama wabunge wa Mtwara, Lindi na Ruvuma usoni. Miaka migumu ya Hazina mara nyingi ndiyo miaka migumu ya mkulima pia.

Juu ya tozo hiyo kuna makato: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya ghala, ya usafirishaji, ya halmashauri, ya Bodi, ya utafiti. Baadhi ni halali kabisa. Ghala haliwezi kulindwa bure. Ushuru wa mazao ya biashara wa halmashauri ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3, na ilikuwa hatua njema. Kinachotuudhi ni giza. Mkulima anasikia uwanjani bei ya mnada, anafurahi, kisha kwenye akaunti inaingia bei nyingine, na anayemuuliza, yaani karani wa AMCOS, ama hajui ama hataki. Kila kato liandikwe kwenye hati ya malipo ya mkulima, kwa shilingi, kwa jina la anayelipokea. Ambalo haliwezi kuandikwa lisikatwe. Katibu wa chama atakayekutwa amekata zaidi asihamishiwe chama kingine, kama ilivyozoeleka katika ushirika wetu. Apelekwe mahakamani, na mali yake ifidie wanachama.

Utaratibu huu sasa umepelekwa kwenye ufuta, mbaazi, choroko na dengu, na huko lazima tahadhari iwe kubwa zaidi, maana si kila zao lina dirisha kama la korosho. Mbaazi zinatosha kutufundisha. Mnunuzi wetu alikuwa mmoja, India. Agosti 2017 nchi hiyo iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje, na bei mashambani kwetu ikaporomoka hadi watu wengine wakaziacha zikaukia shambani kwa kuwa nguvu ya kuvuna ilizidi thamani. Ghala lisingeokoa lolote hapo. Kukusanya mzigo kunampa mkulima nguvu mbele ya wanunuzi wengi wanaoshindana. Mbele ya mlango mmoja uliofungwa kutoka ndani hakumpi chochote. Kwa mazao kama hayo kazi ya Serikali ni kutafuta masoko ya pili na ya tatu na kumwambia mkulima ukweli kabla hajapanda. Kiongozi anayesimama jukwaani mwezi wa kupanda akaahidi bei ya mwezi wa kuvuna, ilhali hana mkataba wa mnunuzi mkononi, anafanya kosa ambalo wengine watalilipia.

Kuna wanaosema jibu la yote ni kubangua hapa nyumbani na kupiga marufuku korosho ghafi. Sehemu kubwa sana ya mavuno yetu inaondoka ikiwa na ganda lake, na ajira na faida vinaondoka nayo. Uchungu wao ni wetu. Ila wasome historia. Katika miaka ya 1970 na 1980 nchi ilijenga viwanda 12 kwa mikopo, Newala, Masasi, Nachingwea, Tunduru, Kibaha na kwingineko. Vilipokamilika korosho hazikuwepo: mavuno yalikuwa yameanguka kutoka takriban tani 145,000 mwaka 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 mwaka 1986/87. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, ubwiri unga umeenea, na bei ya mkulima imekuwa ndogo kiasi kwamba kupalilia hakukulipa. Viwanda vikabinafsishwa, vingi vikaishia kuwa maghala. Tulianza na mashine tukamsahau anayeilisha mashine.

Kenya ilipiga marufuku kusafirisha korosho ghafi mwaka 2009. Mkulima wa Kilifi na Kwale alibaki na wanunuzi wachache wa ndani, na korosho ya pwani ile haijafufuka. Ng'ambo ya mto Ruvuma ilitokea kinyume chake: Msumbiji ilisukumwa na Benki ya Dunia katika miaka ya 1990 ifungue milango kwa haraka, viwanda vyake vikafungwa na maelfu ya wabanguaji, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kati ya makosa hayo mawili ipo njia, na si ya marufuku ya siku moja. Wabanguaji wa ndani wapewe nafasi ya kununua kwanza kwenye mnada, lakini kwa bei ya mnada, na tofauti ya gharama ibebwe na ile tozo ya bandarini, isibebwe na mkulima kwa bei ya chini iliyopambwa jina la uzalendo. Atakayeleta Bungeni marufuku ya ghafi aje na orodha ya viwanda vinavyofanya kazi, na uwezo wake kwa tani, ukilinganishwa na tani zaidi ya laki tano za msimu wa 2024/25. Hesabu hiyo isipotosha, arudi nayo.

Sasa tunataka nini. Tunataka Sheria ya Stakabadhi za Maghala na Sheria ya Tasnia ya Korosho zifanyiwe marekebisho, siku za malipo zitoke kwenye miongozo ya msimu inayobadilika na ziingie kwenye sheria yenyewe. Siku saba tangu mnada, fedha ziwe kwenye akaunti ya mkulima. Mnunuzi akichelewa, dhamana aliyoweka iliwe, na iliwe na mkulima, si na Bodi. Chama kikichelewa, chama kilipe riba. Na Serikali, ikiamua tena siku moja kununua mazao ya watu kwa tangazo, iwe imeweka fedha yote benki kabla ya gunia la kwanza kupakiwa, na iwe chini ya riba ileile anayotozwa mnunuzi binafsi. Hatukatai Serikali kuingia sokoni. Upo mwaka ambapo wanunuzi watapanga bei kwa siri, na mwaka huo dola yenye akiba ya fedha, ghala zuri na mteja wa mbele itafanya kazi ya heshima ikinunua tani kadhaa kwenye mnada uleule, kwa zabuni ileile, ili kuwafundisha adabu. Ila iingie kama mnunuzi mmoja kati ya wengine, akitaka bei ipande. Isiwafukuze wote ikabaki peke yake na mzigo wa mikoa mitatu.

Stakabadhi nayo irudishiwe kazi yake. TADB na benki za biashara zinazojitangaza kila mwaka kwenye viwanja vya Nanenane zikubali stakabadhi ya mkulima mmoja kama dhamana, kwa nusu ya bei dira, yaani bei elekezi ya msimu, kwa riba iliyotajwa wazi. Mwenye shida Oktoba achukue nusu yake; asiye na shida asubiri. Tunajua benki zitasema gharama za kuhudumia wakopaji wadogo ni kubwa. Zilikuwa kubwa enzi za daftari na karani. Leo mkulima ana akaunti, ana namba ya usajili kwenye mfumo wa pembejeo, na mzigo wake unaonekana kwenye kompyuta ya ghala kabla hajafika nyumbani.

Mwaka mzuri ndio wa kufanya haya, kwa sababu mwaka mbaya kila mtu atakuwa anazima moto. Bei kama ya 2024 haidumu; korosho haijawahi kukaa juu misimu mingi mfululizo. Kodivaa inavuna kutuzidi kwa mbali, na mashamba mapya yanaongezeka kila mahali, hata kwetu katika mikoa ambayo haikuwahi kuota mkorosho. Itakaposhuka tena chini ya 3,000, wakulima wa Tandahimba watazikataa zabuni kama walivyozikataa Oktoba 2018, na kiongozi atakayekuwepo atajaribiwa kupanda jukwaani. Sheria iwe imemtangulia kufika pale.

Msimu unafunguliwa Oktoba, na Bunge la bajeti linakaa miezi kadhaa kabla yake. Waziri wa Kilimo ana muda wa kutosha kuleta marekebisho hayo kabla ya gunia la kwanza kuingia ghalani. Kama Hazina inaona riba ya kuchelewesha malipo ni mzigo isioumudu, basi kwanza itafute mkulima aliyekopa kwa mwenye duka mwaka 2019 akisubiri fedha za korosho alizokwisha kukabidhi, imuulize alirudisha kiasi gani, kisha ilieleze Bunge ni nani hasa alistahili kukilipa.